Bado Hujaitwa? Namna ya kuishi na ombi la uraia wa Marekani lililokwama

Ijumaa baada ya swala, au Jumapili watu wakinywa chai nje ya kanisa, swali ni moja: "Umeitwa?" Na jibu ni moja: "Bado." Hapo kila mtu hutoa dawa yake. Huyu anasema tulia tu, yule anasema piga simu kila wiki, na hakosekani mmoja anayemjua jamaa ambaye kwa dola 500 "anaisukuma faili".

Nimekaa miaka kadhaa nikiwasaidia watu wetu kujaza na kufuatilia N-400, fomu ya kuomba uraia, mezani kwangu, kwa Kiswahili. Ombi langu mwenyewe lilichukua miezi 19. Si wakili, na pale panapohitaji wakili nitasema wazi. Ila hili nimeliona mara nyingi: ombi lililokwama kabla ya mahojiano na lililokwama baada ya mahojiano ni magonjwa mawili. Kila moja lina dawa yake, na anayezichanganya anaweza kupoteza mwaka mzima akipiga simu ambazo hazina pa kufika.

Hatua ya 1: Jua umekwama wapi

Chukua barua ya risiti, ile I-797C iliyokuja baada ya kutuma ombi. Juu yake pana namba ya kesi yenye herufi 3 na tarakimu 10, mara nyingi ikianza na IOE, na tarehe ya kupokelewa. Kuanzia hapo safari ina vituo vichache: risiti, alama za vidole, mahojiano, uamuzi, kiapo. Andika kituo cha mwisho ulichopita na tarehe yake. Watu wengi wanaokuja kwangu wanajua wamesubiri "muda mrefu", lakini ukiwauliza tangu lini na tangu nini, wanaanza kutazamana.

Kisha fungua tovuti ya USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, ukurasa wa muda wa kushughulikia maombi. Chagua N-400 na ofisi ya eneo lako. Muda unaouona pale hauahidi kitu. Ni muda ambao maombi 80 kati ya kila 100 yalimalizika katika ofisi hiyo, kwa hiyo watu 20 katika kila 100 waliupita bila kosa lolote. Ukurasa huohuo una mahali pa kuweka tarehe yako ya kupokelewa, nao unakuambia ni siku gani utaruhusiwa kuuliza. Iandike siku hiyo kwenye kalenda ya jikoni. Kabla yake, ulizo lako litajibiwa kwamba kesi iko ndani ya muda wa kawaida, basi.

Kwa nini faili hukwama? Sababu nyingine ni za kuchekesha zikishapita. Wakati wa korona, mafaili ya karatasi zaidi ya 350,000 yaliyokuwa yanahitajika yalikwama kwenye ghala za kumbukumbu zilizomo ndani ya mapango ya mawe ya chokaa karibu na Kansas City, kwa sababu ghala zilikuwa zimefungwa. Mtu yuko Houston amevaa suti anangoja kuitwa, faili lake liko pangoni.

Sababu ya pili ni jina. Polisi wa shirikisho, FBI, hukagua jina lako na kila umbo lake. Watu wetu tuna majina yanayofanana mno, na tarehe za kuzaliwa ni hizohizo: ukienda kwenye familia yoyote iliyotoka Nyarugusu utakuta nusu ya watu wazima wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu karani wa kambi alihitaji tarehe na mzee aliujua mwaka tu. Akina Juma, Hassan na Amisi wote wa 01/01 wakiingia kwenye kompyuta moja, kuna mtu atangoja.

Sababu ya tatu ni amri. Desemba 2025 idara ilisimamisha maombi ya watu waliozaliwa katika nchi 19 au wenye uraia wa nchi hizo, Burundi na Somalia zikiwemo. Orodha za namna hii hubadilika; Januari 2026 hiyo ilipanuliwa mpaka nchi 39, Tanzania ikiwemo, kwa hiyo isome upya kila unapoitafuta. Angalia pia kwamba Kongo iliyoandikwa kwenye orodha ile ya Desemba ni ya Brazzaville. Na kijana wa wazazi wa Burundi aliyezaliwa kambini Kigoma aliguswa nayo kwa uraia wake, hata kama mahali pa kuzaliwa paliandikwa Tanzania. Kama uko kwenye kundi hili, ulizo la kawaida halitakufungulia mlango. Ruka moja kwa moja uende kwa wakili.

Hatua ya 2: Linda anwani yako kama unavyolinda pasi

Hapa naongea kwa uchungu, maana kosa lilikuwa langu. Katikati ya kungoja nilihama. Sikuhamia mji mwingine; nilihamia jengo la ng'ambo ya maegesho ya magari, namba 12 kwenda namba 40. Nikaenda posta nikajaza fomu ya kuhamisha barua, nikarudi nyumbani nikijiona mtu makini. Barua ya kuniita alama za vidole ikaja kwenye mlango wa zamani, ikabandikwa kile kikaratasi cha njano, ikarudi ilikotoka. Barua nyingi za idara haziendi unakohamia hata kama posta wanajua ulipo. Nilikuja kugundua miezi mitano baadaye, tena kwa bahati, nilipopiga simu kuuliza jambo jingine.

Kwa hiyo, ukihama, una siku 10 kisheria kuiarifu idara kwa fomu AR-11, na njia iliyo rahisi ni mtandaoni. Posta ni kitu kingine, na posta nayo uiarifu. Fanya mambo mengine mawili ya bure. Kwanza, kama uliomba kwa karatasi, fungua akaunti kwenye tovuti ya USCIS na uiunganishe kesi yako kwa ile namba ya siri iliyokuja kwa barua; barua nyingi utaziona humo kabla hazijafika mlangoni. Pili, jiandikishe kwenye huduma ya posta inayoitwa Informed Delivery, ambayo kila asubuhi hukutumia picha ya bahasha zinazokuja siku hiyo. Ukiiona picha ya bahasha ya serikali na bahasha yenyewe hujaiona, unajua pa kuanzia. Majengo tunayokaa, masanduku ya barua yanafunguka kwa kisu cha siagi.

Hatua ya 3: Kuwa na faili lako mwenyewe

Wao wana lao, nawe uwe na lako. Folda moja, si mfuko wa nailoni. Weka nakala ya ombi zima kama ulivyolituma, kila barua pamoja na bahasha yake, nakala ya kadi ya kijani mbele na nyuma, ripoti za kodi, na daftari dogo. Kila ukipiga simu andika tarehe, saa, jina au namba ya mtumishi aliyekujibu, na namba ya ulizo aliyokupa. Daftari hili linaonekana la kizee, lakini siku utakapokwenda kwa mbunge au mahakamani ndilo litakaloonyesha kwamba hukulala.

Kama wasiwasi wako ni jina au tarehe, omba nakala ya faili lako lote la uhamiaji kupitia sheria ya uhuru wa habari, FOIA. Ombi ni la mtandaoni na halina ada ya kutuma. Utahitaji namba yako ya A, ile inayoanza na herufi A na kufuatiwa na tarakimu. Humo utakuta karatasi ulizozisahau: mahojiano ya kambini, orodha ya familia, majina yalivyoandikwa na karani ambaye hakujua tofauti ya Byamungu na Biamungu. Ni bora kulikuta kosa hilo ukiwa nyumbani kuliko kulikuta mbele ya afisa.

Hatua ya 4: Kadi, kazi na safari

Kadi ya kijani ikiisha muda ombi likiwa bado linasubiri, usikimbilie kulipia nyingine. Tangu tarehe 12 Desemba 2022, barua ya risiti ya N-400 yenyewe huongeza uhai wa kadi kwa miezi 24. Kadi iliyoisha pamoja na barua hiyo ni uthibitisho halali kwa mwajiri. Mpelekee meneja vyote viwili kwa pamoja, na kama afisa wa wafanyakazi hajawahi kuona kitu hicho, mwonyeshe sentensi yenyewe kwenye barua kwa kidole. Ila kama kadi imepotea au imeibiwa, barua peke yake haikusaidii. Hapo utajaza I-90, fomu ya kuomba kadi nyingine, na ukihitaji uthibitisho wa haraka utaomba miadi ofisini ili wagonge muhuri kwenye pasi.

Safari. Kuomba uraia hakukufungi ndani ya nchi, lakini saa inaendelea kuhesabu mpaka siku ya kiapo. Ukikaa nje zaidi ya miezi 6 mfululizo, utadhaniwa umekatiza makazi yako na itabidi ujieleze. Ukifikisha mwaka, umeyakatiza. Msiba wa Bukavu au harusi ya Mombasa ya wiki 3 si tatizo, mradi uhifadhi tiketi na mihuri na ukumbuke tarehe, maana utaulizwa. Kwa waliokuja kama wakimbizi nina onyo zaidi: kurudi kwenye nchi uliyoikimbia, tena kwa pasi ya nchi hiyo, huamsha maswali kuhusu sababu iliyokuleta. Nimewaona watu wakisubiri miezi mingi zaidi kwa sababu ya picha ya arusi waliyoiweka wenyewe mtandaoni. Ongea na wakili kwanza, tiketi baadaye.

Hatua ya 5: Usijiharibie mwenyewe

Hii ni fupi lakini imewaangusha wengi. Ukienda kuchukua leseni ya udereva, karani au mashine itakuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Jibu ni hapana, mpaka siku ya kiapo ipite. Watu hubonyeza ndiyo kwa adabu tu, kwa sababu wamezoea kumkubalia aliye nyuma ya meza, na ukisaini kwamba wewe ni raia wakati bado, hilo linaweza kukufungia uraia na hata kukuletea kesi ya kuondolewa nchini.

Kodi ipelekwe kila mwaka. Unayedaiwa, weka mpango wa malipo na uutunze kwa maandishi. Mwanao wa kiume aliyefikisha miaka 18, naye bado hajafikisha 26, awe amejiandikisha Selective Service, ile orodha ya serikali ya wanaoweza kuitwa jeshini. Na ukikamatwa na polisi kwa jambo lolote katika kipindi hiki, hata kama kesi ilifutwa, usiende kwenye mahojiano bila karatasi ya mahakama na bila kuonana na wakili.

Hatua ya 6: Angalia saa za watoto na wazee

Kwangu hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na ndiyo isiyozungumzwa kwenye chai.

Mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye kadi ya kijani, anayeishi hapa chini ya malezi ya mzazi, huwa raia papo hapo mzazi mmoja anapokula kiapo. Hana fomu ya N-400 wala mtihani. Lakini kiapo kikifika siku moja baada ya mtoto kutimiza 18, nafasi hiyo imekwenda, naye ataanza foleni yake mwenyewe na ada yake mwenyewe. Kama una binti wa miaka 16, usitegemee ombi la mzazi mmoja. Baba na mama wote waombe ikiwa wote wana sifa. Atakayeitwa kwanza ndiye atakayembeba mtoto. Kumbuka pia kwamba mlango hufunguka siku 90 kabla ya kutimiza miaka 5 ya ukaazi, au miaka 3 kwa aliyeolewa au kuoa raia na kuishi naye. Siku 90 hizo ni zako, zitumie.

Wazee nao wana saa yao. Mkimbizi mzee au mlemavu hupata SSI, ile pesa ya kila mwezi, kwa miaka 7 tu tangu alipoingia kama mkimbizi, isipokuwa awe raia. Sasa hesabu. Miaka 5 ya kwanza unangoja haki ya kuomba. Imebaki miaka 2 ya kuomba, kungoja, kuhojiwa na kuapa. Ukipoteza mwaka mmoja, umebanwa.

Mama mmoja wa Fizi, aliyepitia Nyarugusu, alikuja kwangu na karatasi zake kwenye mfuko wa mchele. "Mwanangu, hii barua inasemaje?" Ilikuwa barua ya Social Security ikimwambia malipo yake yanakaribia kukatika. Nikamuuliza aliomba uraia lini. Alikuwa ameomba miezi mitano tu iliyopita, ingawa alikuwa nchini mwaka wa saba, kwa sababu jirani alimwambia ahesabu miaka 5 tangu kadi ya kijani ilipoingia kwenye sanduku la barua. Nikachukua kadi yake nikamwonyesha tarehe ya ukaazi iliyochapishwa juu yake. Kwa mkimbizi, tarehe hiyo hurudishwa nyuma mpaka siku aliyoshuka kwenye ndege. Mama aliitazama kwa muda, akasema, "Kumbe iliandikwa hapa siku zote," akaifuta kadi kwa kanga yake na kuirudisha kwenye mfuko.

Kuna njia hata hapo. Sera ya idara inamruhusu mtu ambaye SSI yake itakatwa ndani ya mwaka 1 kuomba ombi lake liharakishwe. Piga simu au tumia akaunti, sema wazi kwamba ni suala la SSI, na uambatanishe ile barua ya Social Security. Usiandike hadithi ndefu ya maisha. Barua yenyewe ndiyo inayosema. Na kama mzee hawezi kujifunza kwa sababu ya maradhi, kuna fomu N-648 inayojazwa na daktari. Daktari akiandika tu kwamba "anasahau", itarudishwa na kesi itachelewa tena. Lazima aeleze ugonjwa ni upi na unamzuiaje kujifunza.

Hatua ya 7: Kama hujaitwa mahojiano, panda ngazi polepole

Kabla ya mahojiano sheria haijaweka siku ya mwisho iliyo kali. Kwa hiyo unachofanya ni kusukuma kwa mpangilio, ukipanda ngazi moja na kuipa muda kabla ya kushika inayofuata.

Anza na ulizo la mtandaoni la kesi iliyopita muda wa kawaida, siku ile uliyoiandika kwenye kalenda. Subiri jibu. Kama jibu ni lile la jumla tu, piga 800-375-5283. Mashine itakuuliza unataka nini; sema "InfoPass" au omba kuongea na mtu, urudie mpaka ikusikie, hata ukikasirika. Mtumishi wa kwanza anaona kile unachokiona wewe. Mwombe akuandikie kupigiwa simu na afisa wa ngazi ya pili, na simu hiyo ikija, huenda namba ikafichwa, kwa hiyo wiki hiyo pokea kila simu. Muulize maswali matatu tu: je, alama zangu za vidole bado ni hai? Je, faili langu limefika ofisi ya eneo? Je, ukaguzi wa jina umekamilika? Alama za vidole huhesabika hai kwa miezi 15, kwa hiyo ukiitwa mara ya pili usifikirie umeshukiwa. Ni kwamba umengoja mpaka zikaisha.

Ngazi inayofuata ni mbunge wako au seneta. Watu wetu huiogopa bure, wakidhani ni ya wapiga kura. Kila ofisi ya mbunge ina mfanyakazi ambaye kazi yake ni kuwaulizia wakazi wa jimbo kwa idara za serikali, na wewe ni mkazi. Tovuti ya mbunge ina fomu ya ruhusa ya faragha. Isaini, kisha andika sentensi chache: uliomba lini, kituo cha mwisho ulikifikia lini, uliulizia lini na ulijibiwa nini, na kuchelewa kunakuumiza vipi. Ambatanisha kurasa za lile daftari. Chagua ofisi moja. Ukiwaandikia mbunge na maseneta wote wawili siku moja, wote watauliza kitu kimoja na jibu litakuwa moja. Ombi la ofisi ya mbunge halimlazimishi mtu kukubali ombi lako, ila humfanya mtu alitafute faili, na mara nyingine ndicho kilichokuwa kinakosekana.

Mwisho kabisa ni mahakama ya wilaya ya shirikisho, kwa shauri la mandamus, ambalo huomba jaji aiamuru idara ifanye uamuzi, uwe wa ndiyo au wa hapana. Hapa tafuta wakili. Ada ya kufungua shauri ni dola 405, na asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe. Serikali ina siku 60 kujibu baada ya kukabidhiwa karatasi, na kesi nyingi za namna hii hutulia ndani ya kipindi hicho, kwa sababu ghafla barua ya kuitwa huonekana. Jiulize kitu kimoja kabla ya kufungua: je, faili langu ni safi? Kuilazimisha idara iamue haraka ombi lenye tatizo ni kuiharakisha iseme hapana.

Hatua ya 8: Kama umeshahojiwa, hesabu siku 120

Siku ya mahojiano afisa hukupa karatasi ya matokeo, N-652. Tazama alama imewekwa wapi. Inaweza kusema umefaulu Kiingereza na maswali ya uraia, na chini yake kukawa na alama kwamba uamuzi hauwezi kutolewa bado. Watu hutoka nje wakipiga picha na karatasi hiyo wakidhani wamemaliza. Hawajamaliza.

Lakini kuanzia hapa sheria iko upande wako. Sheria ya uhamiaji, kwenye kifungu kinachotajwa kama 8 U.S.C. 1447(b), inasema siku 120 zikipita tangu mahojiano bila uamuzi, unaweza kwenda mahakama ya wilaya, na jaji anaweza kuamua ombi mwenyewe au kulirudisha kwa idara na maelekezo. Uliyehojiwa tarehe 3 Machi, siku yako ya 120 ni 1 Julai. Usihesabu kwa miezi, hesabu siku.

Zile siku 120 usizikalie. Kama umepewa fomu N-14 ikidai nyaraka, zipeleke kabla ya tarehe iliyoandikwa, na uhifadhi risiti ya kutuma. Kama ulishindwa sehemu ya mtihani, utaitwa tena kati ya siku 60 na 90. Siku 120 zikipita, tuma ulizo, mwone mbunge, na wakati huohuo tafuta wakili. Ofisi za sheria za vyuo vikuu na mashirika yaliyotambuliwa na Wizara ya Sheria huchukua kesi hizi kwa bei ndogo au bure. Muulize mtu yeyote anayetaka kukusaidia: wewe ni wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa? Wale wa "nitaisukuma faili" hawana jibu la swali hilo. Na hakuna afisa wa serikali atakayekuomba pesa kwa WhatsApp au kwa kadi za zawadi za dukani.

Hatua ya 9: Usiache maswali yakachacha

Mtihani wako hufuata siku uliyotuma ombi, hata ukiitwa baada ya mwaka na nusu. Aliyetuma kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025 anasoma maswali 100, ataulizwa 10 na kutakiwa apate 6. Aliyetuma siku hiyo au baadaye anasoma 128, ataulizwa mpaka 20 na kutakiwa apate 12. Mitaani sasa yanazunguka makaratasi ya aina zote mbili, na nimemkuta mzee wa watu akikariri yasiyo yake. Majibu ya rais, spika, gavana na maseneta wako hubadilika uchaguzi ukipita, kwa hiyo yarudie wiki ya mahojiano. Yaliyobaki, maswali matatu kila asubuhi ukingoja basi yanatosha.

Na soma tena ombi lako lenyewe. Afisa atakuuliza ulichoandika miezi mingi iliyopita: safari, kazi, anwani. Yaliyobadilika tangu hapo, kama ndoa, mtoto, au kazi mpya, yaandike kwenye karatasi moja uende nayo.

Hatua ya 10: Tumia muda huu kupanga nyumbani

Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, na katiba ya Kongo ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja, haushikwi pamoja na mwingine. Kama una kiwanja Mbagala au shamba la marehemu baba ambalo bado halijagawanywa, ongea na wakili wa huko kabla ya kiapo.

Hatua ya 11: Barua ikija

Barua ya kiapo ni N-445. Nyuma yake kuna maswali juu ya mambo yaliyotokea tangu mahojiano: umesafiri, umeoa, umekamatwa? Yajibu siku ileile ya kiapo, si kabla. Kama kwenye ombi uliomba kubadilisha jina, kiapo chako lazima kiwe mbele ya jaji, na majaji wengine hupanga viapo mara chache. Hiyo peke yake inaweza kukuongezea wiki au miezi. Tarehe ikigongana na jambo kubwa, andika barua ya kuomba nyingine na urudishe ile ya kwanza. Ukikosa zaidi ya mara moja bila sababu, watahesabu umeacha.

Utaisalimisha kadi ya kijani mlangoni, na mwishoni watakupa cheti. Kabla ya picha, kabla ya kukumbatiana, kabla ya kumpigia shangazi simu, kaa kwenye kiti ukisome: jina herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa, nchi ulikotoka. Kosa likionekana, mwite afisa wakati huo huo, angali yuko ukumbini na meza haijakunjwa.